Nani Anayesadiki? Imani na Ushahidi katika Kusadikika ya Shaaban Robert

Kitabu cha Kusadikika, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1951, ni miongoni mwa kazi za Shaaban Robert zilizohakikiwa sana. Wahakiki wengi wamekubaliana kwamba nchi hiyo iliyo angani ni fumbo la Tanganyika chini ya Waingereza, na kwamba mtunzi aliipandisha hewani ili mkono wa mtawala usiifikie kwa urahisi. Hatuna ugomvi na maelezo hayo. Lakini yakishikwa peke yake yanakifanya kitabu kuwa hati ya kale: Mwingereza aliondoka Tanganyika mwaka 1961, fumbo likafumbuka, na msomaji wa leo akabakiwa na utamu wa lugha tu. Sisi tunadhani kitabu hiki kina neno lingine, nalo limeandikwa kwenye jalada lenyewe, ambapo watu hulipita kwa sababu liko wazi mno. Kitabu kinahusu kusadiki. Kinauliza jinsi habari inavyopata kibali cha kuitwa kweli katika jamii, na ni nani anayelipa gharama pindi habari hiyo inapokuwa uongo.

Tuanze na sarufi. Kitenzi kusadiki kimetiwa kiambishi cha kauli ya kutendeka. Walimu wetu walitufundisha kwamba kauli hiyo ina maana mbili: hali, kama tusemapo kikombe kimevunjika, na uwezekano, kama tusemapo njia hii inapitika. Pamoja na tofauti hiyo, maana zote mbili zina tabia moja, nayo ni kutomkubali mtenda. Twaweza kusema kikombe kimevunjwa na mtoto. Hatuwezi kusema kikombe kimevunjika na mtoto. Kadhalika habari husadikiwa na fulani, lakini ikisadikika, husadikika yenyewe, kama mvua inavyonyesha. Nchi ya Kusadikika, basi, ni nchi ambamo mambo husadikika pasipo msadiki. Mtunzi aliipenda kauli hii kiasi cha kuiundia nchi nyingine, Kufikirika, ambako mambo hufikirika bila ya kujulikana nani ameshughulika kufikiri. Wako watakaosema kwamba tunalipa jina uzito lisiostahili. Tunawajibu kwamba mtunzi huyu hakuwa mtu wa kutupa majina ovyo. Majina yake yote yana kazi, kama tutakavyoona.

Jambo hili halikomei katika hadithi. Fungua gazeti lolote la Kiswahili, sikiliza redio, soma tasnifu za wanafunzi wetu: inasemekana, inaaminika, inajulikana, inafahamika. Mwanafunzi aandikapo kwamba inaaminika mababu hawakuujua wizi, msimamizi hutia alama ya makosa kwenye tahajia na kuliacha dai lenyewe lipite. Nani anaamini? Alipewa habari na nani? Kuna kijiji ambacho mtu alikwenda akauliza? Kitenzi kimekwisha kumsamehe mwandishi maswali hayo. Hapa hatuna budi kukisifu kidogo Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi, ambacho walimu wengi hukiita kibovu. Katika mitaa hiyo watu hawasemi inasemekana, wanasema banasema. Ni kweli kwamba hao ba- hawana majina, lakini angalau wapo ndani ya sentensi, na msikilizaji mwenye shaka anaweza kuuliza: banani? Swali hilo ni fupi, nalo ndilo mwanzo wa kufikiri vizuri. Mbele ya inasemekana, swali hilo halina pa kuingilia.

Sasa tuingie barazani. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Tunavyolisoma sisi, uzito wa shtaka hilo hauko katika dhara lililompata mtu fulani. Uko katika hofu ya kwamba watu wakijua sheria watauliza mambo yaliyozoeleka kutoulizwa. Karama anapewa siku sita za kujitetea, naye hazitumii kukana. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Wajumbe hao walipelekwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakapatwa na mashaka makubwa, wakarudi na mapendekezo ya kuitengeneza nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo.

Wahakiki wamewaeleza wajumbe hao kama mfululizo wa mashahidi wa dhuluma. Hilo ni sahihi, lakini tutazame namna wanavyosema. Kila mmoja ana jina, alitoka siku fulani kwenda mahali fulani, akaona kwa macho yake, akarudi mwenyewe kueleza. Maneno yao si ya kusadikika hata kidogo. Yana mwenyewe, na mwenyewe yuko tayari kuulizwa. Katika nchi ambayo jina lake limemfuta msadiki, mtunzi ameleta watu sita ambao kila mmoja anasema: mimi nilikwenda, mimi niliona. Na tazama wa kwanza wao ni nani. Buruhani, katika Kiarabu na katika Kiswahili cha vitabu, ni hoja ya kuthibitisha, ni ushahidi. Kwa hiyo mjumbe wa kwanza kufungwa katika nchi ya Kusadikika ni Ushahidi. Wa mwisho ni Amini, jina lenye mzizi mmoja na imani na amana. Hatudai kwamba Shaaban Robert alipanga kila herufi, lakini mpangilio huo hatuwezi kuuita wa bahati. Jamii iliyoanza kwa kumfunga Buruhani iliishia kumfunga Amini pia, yaani ilipokataa ushahidi ilipoteza hata ile imani iliyodhani inailinda.

(Darasani kwetu kuna tatizo dogo linalochekesha. Vitabu vya pwani huwaita wajumbe wa namna hii mabalozi, na mmoja wao huwa balozi. Katika Kiswahili cha mashariki na kusini mwa Kongo balozi ni wingi wa mulozi, yaani mchawi. Mwanafunzi anayesikia kwamba Kusadikika iliwafunga balozi wake haoni ajabu yoyote. Anaona nchi imetimiza wajibu wake. Kicheko hicho tumekirudia mara kadhaa, na kila mara kimetuachia swali zito kuliko tulivyotaka, maana wajumbe wale walitendewa hasa kama walozi hutendewavyo.)

Ni lazima hata hivyo tuipime hoja ya Karama yenyewe, kwa kuwa mhakiki anayesifu ushahidi na kuusamehe udhaifu wa hoja anajipinga. Habari sita za wajumbe waliofungwa zinathibitisha nini? Hazithibitishi kwamba elimu ya sheria ni njema. Hazithibitishi hata kwamba Karama hana hatia. Zinathibitisha jambo moja tu, kwamba baraza hili lina mazoea ya kuwaadhibu walioleta habari bila ya kuzichunguza habari zenyewe. Ni hoja dhidi ya hakimu, si hoja ya kumsafisha mshtakiwa. Katika baraza la haki hoja hiyo ingehesabiwa kuwa kukwepa shtaka. Katika baraza la Majivuno ndiyo hoja pekee yenye maana, kwa sababu mahali ambapo ushahidi haupokelewi, jambo la kwanza la kushuhudia ni kwamba haupokelewi. Tunaona hapa mtunzi alifikiri kwa makini kuliko wengi wa wasifu wake.

Tukiisha kuona hayo, inafaa tuyatazame maneno ambayo lugha yetu inatupa kwa ajili ya kazi hii. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, aliwashauri wanafalsafa wa Kiafrika walichukue kila tatizo la falsafa walilofundishwa katika lugha ya kigeni na kulifikiri upya katika lugha yao, waone kama litabaki kuwa tatizo. Ushauri wake unafaa kufuatwa hata kwa upande wa pili: lugha yetu nayo inaweza kutuundia matatizo ambayo wengine hawana. Chukua neno imani. Kwa Kiswahili imani ni kukubali jambo moyoni, na pia ni huruma. Mtu asiye na imani ni yule asiyesadiki, na vilevile ni katili. Kifaransa hutumia maneno mbalimbali kwa mambo hayo mawili. Sisi tunatumia moja. Basi anayesimama katika mkutano wa ukoo na kusema hana imani na maneno yaliyotolewa, tayari masikio ya wazee yamesikia nusu ya tusi. Shaka yake inapimwa kama upungufu wa moyo kabla haijapimwa kama hoja.

Au chukua neno ushirikina. Shuleni tumelizoea kwa maana ya mambo yanayosadikiwa bila sababu: paka mweusi, bundi juu ya paa, kutofagia usiku. Lakini asili ya neno hilo ni kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Ni neno la dini linalotaja dhambi, halitaji kosa la kufikiri. Anayeiita desturi ya mwenzake ushirikina hakuichunguza kwa ushahidi. Ameihukumu kwa itikadi yake. Ndiyo maana tunaweza kumsikia mhubiri akiilaani hirizi ya mganga kuwa ushirikina saa nne asubuhi, na saa tano akatangaza kwamba mtoto fulani anakula watu usiku. Kwake yeye hakuna kupingana, na kwa kadiri ya neno alilolitumia, kweli hakuna. Madai yote mawili yamekosa ushahidi kwa kiasi kilekile, ila lugha ya Kiswahili haikumpa msikilizaji neno jepesi la kusema hivyo. Dhana potofu? Ndiyo, lakini neno potofu nalo lina harufu ya kuasi njia, si ya kukosea hesabu.

Kosa la kufuta mwenye imani halikuanzia kwa wasemaji wa Kiswahili, wala halikuishia kwa watu wasiosoma. Moja ya vitabu vilivyosomwa sana kuhusu fikra za Waafrika kilitolewa katika mji huu wetu, wakati ukiitwa Elisabethville, mwaka 1945: falsafa ya Kibantu ya padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyefanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Tumtendee haki. Wakati Wazungu wengi wa koloni walisema Mwafrika hafikiri, yeye alisema anafikiri, na kwamba fikra zake zina mfumo ambao msingi wake ni nguvu ya uhai. Lakini katika kitabu chake anayefikiri ni nani? Ni Mubantu, ni Wabantu wote kwa pamoja. Hakuna mzee mmoja anayesema hivi na mwenzake anayembishia. Mfikiri wa Tempels ni wa nchi ya Kufikirika. Paulin Hountondji wa Benin, ambaye kwa muda alifundisha Kinshasa na Lubumbashi, alilishambulia jambo hilo kwa nguvu katika miaka ya 1970: falsafa isiyo na mtu wa kuulizwa, alisema kwa maana hiyo, si falsafa. Walimjibu kwamba anawadharau mababu. Tunadhani majibu hayo yalikosea shabaha. Kumpa babu jina lake na hoja yake, hata ukimbishia, ni heshima kubwa kuliko kumchanganya na mamilioni ya watu katika sentensi moja.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tunazungumzia vitenzi. Tutoe basi habari ya Kivu Kaskazini, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya hospitali. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa huko. Haukutangazwa kumalizika mpaka tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Katika utafiti uliofanywa Septemba 2018 mjini Beni na Butembo kwa kuwahoji watu wazima 961, takribani robo yao walisema ugonjwa huo haupo. Magazeti ya nje yaliandika juu ya ujinga na ushirikina. Wakuu wa nchi waliwahimiza watu waamini.

Tuchukue madai ya wakazi mojamoja, kama Karama alivyowachukua wajumbe. Walisema: tangu mwaka 2014 tunauawa kwa mapanga hapa Beni, na hatukuona magari mengi namna hii yakija kutuokoa, leo kwa homa yamekuja. Hilo si ushirikina. Ni hoja inayotoka kwenye jambo la kweli, na hakuna aliyewajibu. Walisema: anayeingia katika kituo cha matibabu hatoki hai. Hilo nalo lilitokana na macho yao; wengi walioingia walifia humo. Kasoro iko katika hatua ya pili ya fikra. Waliowaona wakifa walikuwa wamefika wakiwa wamechelewa, na wale waliobaki nyumbani wakafa walizikwa bila kuhesabiwa upande wa pili wa mizani. Kulinganisha kunahitaji makundi mawili. Jicho la jirani huona moja. Baadaye jaribio la dawa lililofanywa katika vituo hivyohivyo, ambalo matokeo yake yalitangazwa Agosti 2019, lilionyesha dawa mbili zinazopunguza vifo kwa wazi, hasa kwa waliofika mapema. Hapo ndipo palipohitajika mtu wa kueleza kwa Kiswahili cha watu jinsi ya kulinganisha, si mtu wa kuwaambia waamini.

Kisha likaja dai la tatu, kwamba Ebola ni siasa. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba wakazi wa Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima tarehe 30, bali mwezi Machi, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa Ebola. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Kura ya Machi isingeweza tena kumchagua wala kumkataa. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi. Vituo vya kura peke yake vikaogopwa. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao wenyewe ya ishara, na baadhi yao walinawa mikono kwanza kama walivyoagizwa na wauguzi. Tunalirudia tukio hilo kwa makusudi. Watu walionawa mikono kabla ya kupiga kura isiyohesabika hawakuwa watu waliokosa akili. Walitenganisha mambo mawili ambayo tume iliyachanganya: ugonjwa upo, na ugonjwa unatumiwa.

Lakini si wote waliotenganisha, wala hatupaswi kulipamba jambo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali mjini Butembo. Kutoka katika sentensi ya kweli, ugonjwa unatumiwa, wengine waliruka kwenda kwenye sentensi ya uongo, ugonjwa haupo, na kuruka huko kuligharimu roho za watu. Mtaalamu wa kufikiri angesema kwamba kitu kutumiwa na mwongo hakukifanyi kuwa uongo. Ni kanuni nyepesi. Ila tunauliza: nani alikuwa na mdomo wa kuifundisha kanuni hiyo Butembo, Januari 2019, baada ya tarehe 26 Desemba? Aliyesema Ebola ipo alikuwa ni yuleyule aliyesema kwa hiyo usipige kura. Serikali ilikuwa imemfunga Buruhani kwa mkono wake, kisha ikaomba Amini aje kusaidia.

Hapa ndipo tunapomlaumu Shaaban Robert. Katika siku zote sita za baraza, raia wa Kusadikika hawana kauli yenye uzito. Wapo mfalme, waziri, mshtakiwa na wajumbe; umma ni wasikilizaji. Kweli yote inatoka nje ya nchi, inaletwa na mtu mmoja shujaa, na inapokelewa au kukataliwa na walio juu. Karama anaposhinda, anashinda kwa hukumu ya mfalme, na wafungwa wanafunguliwa kwa amri ileile iliyoweza kuwaacha ndani. Tunafurahi kwa ajili yao, lakini hatuoni kwamba nchi imebadilika namna yake ya kusadiki. Kesho akija mfalme mwingine mwenye sikio zito, Majivuno atarudi na shtaka jipya, na raia watakaa palepale walipokaa. Pengine mtunzi hakuwa na nafasi ya kuandika vingine mwaka 1951. Pengine aliamini kwamba mtawala akiisha kuelimika mengine hufuata. Beni na Butembo zinatuonyesha kwamba shida iko chini zaidi ya hapo. Kulikuwa na wajumbe wengi, wenye magari na chanjo, na chanjo yenyewe ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni baraza ambamo muuza samaki angeweza kumuuliza mjumbe swali la pili, naye mjumbe akalazimika kujibu au kukiri mbele za watu.

Tuna sababu nyingine ya kuling'ang'ania jambo hili, nayo iko karibu nasi zaidi kuliko Butembo. Tangu miaka ya 1990 watoto wengi wa miji yetu, Kinshasa kwanza, kisha Lubumbashi, Mbuji-Mayi na kwingineko, wamefukuzwa majumbani kwa kuambiwa ni wachawi. Mara nyingi ni yatima, mtoto wa kambo, kikojozi, mlemavu, au mwenye kichwa kigumu cha kujibizana na wakubwa. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza jambo hilo kwa jina lake, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeliwekea adhabu. Sheria hizo ziliandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na kazi ya kuzifasiri inatuangukia sisi tunaojiita wataalamu wa lugha hii.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mfasiri ana vitenzi vitatu mbele yake. Akiandika kumshtaki mtoto kwa uchawi, msomaji anaona baraza, anamwona mshtaki mwenye haki ya kusikilizwa, na kosa la uchawi linapata kiti miongoni mwa makosa ya kweli. Akiandika kumtuhumu, amelegeza tu. Tuhuma husubiri kuthibitishwa, na nyumbani kwa mtoto wapo wengi walio tayari kuthibitisha kwa ndoto. Akiandika kumsingizia, ameegemea upande wa mtoto, nasi tunamsifu kwa moyo wake. Lakini kusingizia ni kusema uongo juu ya asiyetenda. Mama mkubwa aliyemfukuza mtoto anaweza kuapa kwa moyo safi kwamba hakumsingizia mtoto huyu, kwa kuwa yeye anamjua kuwa mchawi kweli, na sheria, anasema, inawahusu wale wanaowasingizia wasio wachawi. Tumewahi kulisikia jibu hilo, na kwa kadiri ya Kiswahili kilichotumika halikuwa na kasoro.

Kuna njia ya nne, nayo haina fahari ya lugha ya mahakama. Ni kuandika: atakayemwita mtoto mchawi. Kitenzi kuita hakimtaki hakimu aamue kwanza kama uchawi upo au haupo, wala hakimpi mshtakiwa nafasi ya kuleta ndoto zake kuwa ushahidi. Kinataka mambo matatu yanayoweza kuchunguzwa: nani aliyetamka, siku gani, mbele ya nani. Na mwanzoni mwake kuna ile a- ndogo, kiambishi cha mtu mmoja, ambayo hapa inamtaja mtenda ambaye kauli ya kutendeka isingempokea.